Kombe la Selestini, Ambaye Hajafa

“Wananchi, hili nikilikosa, jina langu mpeni mbwa!”

Selestini Mchopa aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya Mkunya nzima na nusu ya Newala mjini, mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili umeshika kipaza alichomnyang'anya mtangazaji. Ilikuwa fainali ya Kombe la Diwani, mwaka tisini na sita, mpira unakaribia kwisha, hakuna bao. Refa alikuwa ameshatenga mpira wa penalti. Mpigaji mwingine angeinama, angevuta soksi, angepiga. Selestini yeye alikwenda kwanza kuhutubia.

Alirudi, akachukua mbio ndefu za kuonekana, akapiga. Mpira ukapita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya vichwa vya waliokaa nyuma ya goli, ukaishia kwenye shamba la mihogo la mama mmoja ambaye hakuwa mpenzi wa mpira kabisa, na ambaye kuanzia siku hiyo hakuwa mpenzi wa Selestini pia.

Mbwa wa Mkunya walinusurika. Mwenye mbwa ana heshima yake, na mbwa ana yake. Jina lilichukuliwa na washabiki wa mjini. Jioni ile ile wakirudi Newala na kombe lao, kijana mmoja alipiga teke kopo barabarani, kopo likapaa, wenzake wote wakapaza sauti: “Selestini!” Basi. Mtoto kazaliwa, na baba yake hakuombwa hata ruhusa.

Kwingine Tanzania mchezaji akipeleka mpira mawinguni wanasema amepaisha. Kwetu huku juu, na bondeni kote mpaka Masasi, kapiga Selestini. Nenda kibanda umiza siku ya ligi ya Ulaya: mchezaji ambaye mshahara wake ungenunua mikorosho yote ya tarafa akipaisha, kibanda kizima kinasema, “Mzungu kapiga Selestini.” Baadaye neno likatoka uwanjani likaanza kutembea lenyewe. Bodaboda akipitiliza kwa abiria, kapiga Selestini. Kijana akitongoza na kukataliwa mbele za watu, Selestini safi, juu kabisa. Kanisani padri akimtaja mtakatifu wa jina hilo, vijana wa kwaya wanainamisha vichwa kama wanaosali sana, lakini mabega yanatikisika.

Kinachouma ni kwamba huyu mtu alikuwa anafunga. Waulize waliomwona. Misimu mizima alifunga: kwa kichwa, kwa mguu wa kushoto, na mara moja kwa mgongo akiwa amegeuka kumtukana beki. Hakuna bao hata moja lililopewa jina lake. Alikosa moja, likabatizwa.

Mpira akauacha mwaka huo huo. Akarudi kwenye mikorosho ya baba yake, akamwoa Regina, wakapata mtoto mmoja tu, Scholastika. Miguu ilistaafu, mdomo haukustaafu. Ukipita shambani kwake wakati wa kupuliza salfa, utamkuta amefunga kitambaa puani, mweupe wa vumbi mpaka kope, na bado anasema kupitia kitambaa kwamba korosho zake zikianguka zinapiga saluti. Lakini uwanjani hakukanyaga tena. Siku za mechi alikuwa na kazi shambani, hata kama ni mwezi ambao shamba halina kazi.

Msimu wa korosho wa juzi hapa alipeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi. Kwenye mizani kulikuwa na karani mpya, kijana wa Masasi mjini, mpole, mwenye adabu zake.

“Jina, mzee?”

“Selestini Mchopa.”

Karani akainua kichwa. “Shikamoo kwanza.”

“Marahaba.”

“Samahani nikuulize. Wazazi wako walikukasirikia nini mpaka wakakupa jina la penalti ya kukosa?”

Foleni ikaanguka kwa kicheko. Mmoja alilazimika kukalia gunia la mwenzake. Selestini hakucheka, wala hakujibu, na yeye kutojibu ni habari ya kutangazwa redioni. Aliganda pale na kofia mkononi. Yule kijana hakuwa anamtania. Kwake yeye neno lilikuwapo tangu zamani, kama mvua na kodi, na huyu mzee ndiye aliyekuja baadaye akapewa.

Msimu huo huo Scholastika alijifungua mtoto wa kiume. Ameolewa Masasi, mumewe anachomelea mageti na madirisha, watu wazuri tu. Mtoto wao wa kwanza ni msichana, walimpa jina la mama mkwe, Julia, na walikubaliana mapema kabisa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba wa pili atachukua jina la huku Mkunya. Kwa hiyo Selestini aliposikia ni mvulana hakuuliza chochote. Alimfunga jogoo miguu, akafungasha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, akateremka Masasi.

“Karibu, baba. Shikamoo.”

“Marahaba, Mama Julia. Nimekuja kumwona mwenzangu.”

“Mwenzako yupi?”

“Selestini mdogo.”

Scholastika alikuwa ananyonyesha. Akamhamishia mtoto upande wa pili, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. “Baba, naomba usinilazimishe.”

“Nani anakulazimisha? Ni zamu yetu.”

“Ni zamu yenu, najua. Taja jina lingine lolote la ukoo. Taja la baba yako.”

“La baba yangu ni Selestini.”

“Baba.” Akavuta pumzi. “Nikiwa darasa la tatu nilikaa dawati la dirishani. Mpira ukipaishwa huko nje, darasa zima linageuka kuniangalia. Na mwalimu naye anageuka. Mimi ni msichana, hata kudaka sijui, lakini kila mpira uliokwenda juu ulikuwa wa kwangu. Huyu ni mvulana. Huyu atacheza.”

“Lilikuwa jina la babu yako kabla ya mpira.”

“Lilikuwa,” akasema Scholastika.

Selestini aliondoka bila kula. Jogoo alibaki. Kuanzia hapo wakaacha kupigiana simu, na mtoto akakaa wiki na wiki bila jina, anaitwa Mtoto tu, huku baba mkwe wa Scholastika, mzee Godwin, mstaarabu kupita kiasi, akisema kila akiulizwa kwamba yeye hana haraka na hana neno. Ubatizo ulipangwa baada ya msimu.

Hapo ndipo Selestini akapata wazo la kombe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: jina limeharibikia uwanjani, basi uwanjani ndiko litatengenezewa. Litajwe pamoja na kombe, na jezi mpya, na mbuzi dume, litajwe tena na tena, mpaka lile la penalti lichoke lenyewe. Akamwendea mwenyekiti wa kijiji, Mujibu, kuomba uwanja.

“Uwanja upo,” Mujibu akasema. “Ila makombe huku kwetu yana wenyewe. Kuna la mbunge. Kuna la diwani. Na kuna la marehemu, familia inamkumbuka mtu wao. Wewe uko fungu gani?”

“La nne.”

“La nne ni la nani?”

“La mwenye mbuzi.”

Mujibu hakuwa na hoja ya kumshinda mbuzi. Uwanja ukatolewa, timu zikajiandikisha, hata Nanganga wakasema wanapanda kuja. Selestini akamtafuta Alfredi wa Masasi, mwenye gari la matangazo, ambaye sauti yake ndiyo hutangaza huku kwetu kila kitu: dawa ya panya, mikutano ya injili, mpira na misiba. Alfredi akaandika tangazo fupi la mpira. Selestini akalisikiliza, akatikisa kichwa.

“Limepungukiwa. Taja watu wangu.”

“Watu wako wa nini, mzee? Si la mpira hili?”

“Nataka mwanangu alisikie jina langu likipita mlangoni kwake, na ajue anaambiwa yeye. Sema: habari ziwafikie Scholastika wa Masasi, Mabel wa Lulindi, Suleimani wa Nanganga, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.”

Alfredi alisita. Lakini Selestini ndiye aliyeweka mafuta kwenye gari, na Alfredi ni mtu anayeheshimu mafuta.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia na redio anajua ni tangazo la namna gani linalotaja ndugu mmoja mmoja na mji wake, kisha likamalizia na popote walipo. Ni moja tu, la kifo. Gari likazunguka Newala, likateremka, likapita Masasi mitaa kwa mitaa, likaenda Lulindi, likaenda mpaka Nanganga. Aliye jikoni hakusikia mwanzo. Alisikia “…Selestini Mchopa wa Mkunya… Jumamosi hii… Scholastika wa Masasi, Mabel wa Lulindi…” Na yule aliyesikia neno kombe ndiye aliyemaliza ubishi: mzee ameshafariki siku nyingi, na familia imeshamwandalia hadi kombe la kumbukumbu.

Scholastika alipiga simu ya baba yake. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mama yake hana simu, anatumia hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba Selestini aliizima mwenyewe, maana timu zilikuwa zinampigia usiku na mchana kuuliza uzito wa mbuzi. Lakini kwa mtu aliyeko Masasi na ambaye hajazungumza na baba yake tangu siku ya jogoo, simu isiyopatikana ilikuwa kama cheti cha daktari.

Ijumaa mchana pikapu ikasimama barabarani. Mabel, dada yake Selestini, alishuka wa kwanza, beseni la unga kichwani, analia kabla miguu haijagusa chini.

“Kaka yangu! Kaka yangu mwenye mdomo! Sasa nani atatusumbua?”

Nyuma yake Suleimani wa Nanganga, binamu, na mkeka. Nyuma yake kina mama wa jumuiya ya Lulindi na sufuria. Mwisho kabisa Scholastika, mtoto mgongoni, Julia ameshika upindo wa kanga. Nyumba ilikuwa imefungwa. Regina alikwenda bombani, na maji ya kwetu mtu akienda kuyafuata humwulizi atarudi saa ngapi. Nyumba imefungwa, hakuna mtu: wakajua maiti imeshapelekwa kanisani. Kilio kikaanza upya.

Mimi ni wa nyumba ya pili. Nilitoka na ming'oko yangu mkononi. Mzee nilikuwa nimemwacha uwanjani muda si mrefu, anapaka chokaa milingoti ya goli na kumfokea kila aliyempa ushauri.

“Shangazi Mabel, shikamoo. Mzee yupo uwanjani.”

“Mmemlaza uwanjani?”

“Hapana, yeye mwenyewe ndiye…”

“Na jua lote hili! Watu wa Mkunya hamna hata turubai?”

Nikajaribu kueleza, akanikumbatia kwa nguvu za Lulindi, sura yangu ikazama kwenye bega lake pamoja na ming'oko, na maelezo yakaishia humo. Nilipopata hewa, Scholastika alikuwa barazani. Alikuwa amemfungua mtoto mgongoni, amemshika kwa mikono miwili mbele ya mlango uliofungwa.

“Baba,” akasema. Sauti yake haikuwa ya kilio, ilikuwa ya mtu anayeongea na mwenziwe aliye chumba cha pili. “Nilikunyima kitu kidogo. Nilijua ni kidogo na nikakunyima. Basi huyu hapa. Huyu ndiye Selestini. Nimesema mbele ya shangazi na mbele ya watu wote. Uende ukijua limebaki.”

“Asante, mwanangu,” ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mweupe wa chokaa kutoka nywele mpaka viwiko, brashi mkononi, machozi yamechora mistari miwili kwenye ule weupe. Kina mama wa jumuiya waliacha sufuria hapo hapo. Suleimani, ambaye Nanganga husimulia kwamba aliwahi kumfukuza chui, alipita katikati ya michongoma bila kutafuta mlango. Mabel hakukimbia; alimrushia kaka yake unga wote, akaongezeka weupe. Julia peke yake ndiye aliyemsogelea.

“Babu, umeangukia kwenye unga?”

Regina akatokea na ndoo kichwani. “Kuna nini? Nani amekufa?”

“Mumeo!” mtu akamjibu kutoka nyuma ya choo.

“Tangu lini? Asubuhi alikuwa ananigombeza kuhusu chumvi.”

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Suleimani alirudi akisema alikwenda kuita msaada. Mchele wa msiba ukapikwa ukawa mchele wa sherehe, na Mabel alimpiga kaka yake makofi ya mgongo kila alipokumbuka machozi aliyoyapoteza njiani. Mtu mmoja hakucheka. Scholastika alimfunga mtoto mgongoni tena, akakaa karibu na mama yake, akachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Jua linashuka, Selestini akaenda kukaa naye barazani. Ameoga, lakini masikio bado meupe.

“Umeshasema mbele ya watu,” akaanza.

“Nilisema kwa marehemu.”

“Jina ni lile lile.”

“Si lile lile, baba. Marehemu hachekwi. Ungekuwa umekufa watu wangeona haya, hata mwaka, hata miwili. Neno lingetulia, mtoto angepata pa kukulia. Wewe uko hai, na Mungu ashukuriwe uko hai, lakini kesho tu utalisikia.”

“Kwa hiyo ningekufa ungenipa.”

“Usiniulize hivyo.”

“Nimeshakuuliza.”

Scholastika alikaza kanga ya mgongoni. Kisha akasema, “Kesho mipira itapaa, uwanja wenyewe ule. Ikipaa na jina lako lisitajwe mpaka kipenga cha mwisho, naenda kwa padri na jina lako. Likitajwa hata mara moja, mtoto ni Godwin, na tusilizungumze tena.”

Zamani Selestini angesimama angewaahidi Mkunya nzima. Safari hii alisema, “Sawa,” akaingia ndani.

Jumamosi uwanja ulifurika. Nusu ya watu walikuja kwa ajili ya mpira, nusu kumwangalia mtu aliyeliliwa akiwa hai. Kabla ya mechi ya kwanza Selestini alichukua kipaza sauti, na minong'ono ikapita: haya, leo jina anampa nani, paka? Wengine walitoa simu wamrekodi.

“Ndugu zangu, mnanijua,” akasema. “Safari hii siahidi kitu. Naomba. Leo mpira ukipita juu, semeni chochote. Semeni ‘ala’, semeni ‘mama’, tukaneni kama mnaona inafaa. Jina langu tu mliache kwa leo. Nina mjukuu anasubiri jina.”

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu huyu akiomba. Simu zilishuka moja moja. Mlevi mmoja aliyekwisha kunywa uraka wa kutosha kijiji kizima aliuliza, “Na sisi wenye mazoea?” wenziwe wakamziba mdomo.

Na watu walijitahidi, sitawasingizia. Mpira wa kwanza ukapaa, uwanja ukasema, “Seee…” ukajing'ata, ukamalizia kwa kukohoa. Wa pili, mama mmoja akajaza upindo wa kanga mdomoni. Vijana wa Newala mjini, ambao kaka zao ndio waliolitunga neno, walikaa wima kama wako mahakamani. Ikafika mahali mpira ukipaa watu wanamwangalia Selestini kwanza, wakiona hajatajwa wanapiga makofi, na mchezaji aliyepaisha anapunga mkono akidhani anapongezwa. Selestini alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari wa kati, Julia pajani na barafu ya rangi, Scholastika amesimama nyuma yao na mtoto. Kila mechi ikiisha, mzee anageuka kumwangalia binti yake, na binti anatikisa kichwa: bado haijaisha. Lakini kufikia fainali alikuwa anatikisa kichwa huku akitabasamu. Nilimwona.

Fainali ilikuwa Mkunya na Nanganga. Sare. Penalti. Zikapigwa, zikaingia, zikadakwa, mpaka ikabaki moja, ya beki wetu ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha tangu mechi ya asubuhi. Akifunga wanaendelea, akikosa kombe linakwenda Nanganga. Selestini alimshika Julia vizuri, akakaza mdomo. Beki akapiga.

Mpira ulikwenda juu sana. Ulikwenda juu kuliko haja.

Uwanja mzima ukafunga midomo. Nakuambia, hata mlevi. Watu walishikana mikono na wasiowajua. Refa alikuwa ameshapeleka kipenga mdomoni.

Julia akasimama juu ya mapaja ya babu yake, akainua mikono yote miwili kama watoto wenzake wa mtaani Masasi, mdomo mwekundu wa barafu, akapiga kelele kwa furaha ya mtoto aliyejua jibu kabla ya darasa:

“Selestiniii!”

Kisha kipenga. Kisha uwanja ukapasuka. Haukuwa ubaya, watu walikuwa wamekibana kicheko tangu asubuhi, kikatoka chote kwa pamoja, na wengine walicheka huku wameshika vichwa kwa huruma. Julia alimgeukia babu yake. Kwake yeye huyu alikuwa Babu, hakuwahi kuambiwa ana jina lingine.

“Babu, si ndiyo Selestini hiyo?”

“Ndiyo, mama,” akasema. “Ndiyo yenyewe.”

Scholastika alikuwa ameshazunguka kiti, amepiga magoti mbele yake kwenye vumbi. “Baba, huyo mtoto. Hajui. Haihesabiki, baba, nimesema haihesabiki.”

“Huyo ndiye anayehesabika. Sisi wengine tulijizuia.”

“Nitampa. Nilishaamua tangu jana, nilikuwa nakuchokoza tu. Baba, nitampa.”

“Mpe la mkwe wangu. Zuri, tena halijawahi kucheza mpira.”

“Baba.”

“Mama Julia, nimesema,” akajibu, na akanyanyuka kwenda kuwakabidhi Nanganga mbuzi wao.

Scholastika alirudia kumbembeleza Jumapili, akarudia kwa simu, akamtuma mumewe, akamtuma mzee Godwin mwenyewe, ambaye alipanda mpaka Mkunya kusema kwamba jina lake linaweza kungoja mtoto wa tatu. Selestini alimkaribisha vizuri, akamchinjia kuku, akakataa. Siku ya ubatizo alikuwapo, suti ya arusi yake, imembana. Padri alipotamka “Godwin”, Selestini alitupa jicho upande wa kwaya. Mabega yalikuwa yametulia. Akarudisha macho mbele. Scholastika alilia ibada nzima, na waliokuwa wageni walidhani ni furaha.

Kombe lenyewe Nanganga walikuwa wamemwachia kwanza, kwa sababu kibati cha chini kilikuwa kitupu na wao walitaka kombe lenye maandishi. Baada ya ubatizo akalipeleka Masasi, kwenye duka moja la vifaa vya ofisi wanapotengeneza mihuri, kwa dada mmoja anaitwa Witness. Nilimsindikiza, nilikuwa na shida zangu huko.

“Tuandike nini, baba? Selestini Cup? Maana tulisikia gari la matangazo. Poleni sana na msiba.”

“Tumeshapoa. Andika Godwin.”

“Ndiye marehemu?”

“Ndiye mjukuu.”

Witness alihesabu kwa ncha ya kalamu, akatazama kibati, akaridhika. “Jina fupi limekusaidia,” akasema.

Selestini akasema ndiyo, limemsaidia. Akakaa kwenye benchi akingoja, kofia gotini, akiitazama mashine inavyokwangua.

Kuchonga maandishi kwenye kombe, pale Masasi, ni shilingi elfu moja kwa herufi.